Mashariki Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kusoma na Kutoa Namba za Gridi kwenye Ramani

Mwenzetu aliteguka kifundo cha mguu tukiwa kwenye miteremko ya Uluguru, saa tisa alasiri, mvua ikinyemelea. Nilikuwa na ramani, nilijua tulipo, na simu ilikuwa imebaki na kijiti kimoja cha mtandao. Nikampigia kijana aliyebaki na gari chini, nikamsomea tarakimu sita. "Nimepata, kaka, nakuja na watu." Saa moja na nusu baadaye tulimsikia anaita kutoka ng'ambo ya bonde, kwenye mgongo wa kilima ambao sisi hatukuwahi kuukanyaga.

Mimi nilisema "tano, nne, tisa". Yeye aliandika 546.

Tisa na sita. Zitamke haraka kwenye simu inayokatakata, utaona ni konsonanti zilezile zimebadilishana nafasi tu. Kwenye karatasi kosa hilo lilikuwa milimita 6. Juu ya ardhi lilikuwa mita 300, na katika milima ile mita 300 ni korongo zima lenye mto chini yake.

Kwa hiyo mwongozo huu una nusu mbili: kuisoma namba ya gridi, yaani tarakimu zinazotaja mahali kwenye ramani, na kuitoa hadi imfikie mwingine ikiwa nzima. Vitabu vya shule hufundisha ile ya kwanza.

Ijue karatasi yako kabla ya kugusa namba

Ramani ninayoizungumzia ni ile ya kipimio cha 1:50,000 (sentimita 1 kwenye karatasi ni mita 500 ardhini), ya kukunja, yenye kontua za kahawia (mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa), mito ya buluu na majina ya vijiji kwa herufi ndogo. Kwa Tanzania hutolewa na idara ya upimaji na ramani iliyo chini ya wizara ya ardhi. Kenya ni Survey of Kenya, pale Ruaraka. Nyingi zilichorwa miongo kadhaa iliyopita, kwa hiyo usishangae ukikosa barabara ya lami unayoipita kila siku. Vilima havijahama, na mito mingi iko palepale.

Kila karatasi hufunika dakika 15 za latitudo kwa dakika 15 za longitudo, ambazo huku kwetu ni kama kilomita 27 na nusu kila upande. Ina jina na ina namba yenye mkwaju katikati. Kwa mfano, 148/4 ni Nairobi: 148 ni kipande cha nusu digrii kwa nusu digrii, na 4 ni robo yake. Robo zinafuata mkondo wa kusoma: juu kushoto ni 1, juu kulia 2, chini kushoto 3, chini kulia 4. Andika jina na namba hiyo kwenye daftari lako kabla hujaondoka nyumbani, maana ukishaikunja karatasi ili iingie mfukoni, kichwa chake ndicho cha kwanza kupotea.

Kisha soma maandishi ya pembezoni. Tafuta vitu viwili: kanda ya UTM na datamu. Usipoelewa maana yake sasa, viandike tu, tutavirudia.

Jambo moja huwachanganya wengi. Kingo za karatasi zenyewe ni mistari ya latitudo na longitudo, na utaona digrii na dakika zimeandikwa kwenye kona. Hizo si gridi. Gridi ni ile mistari myembamba inayopita katikati ya ramani na kufanya miraba ya sentimita 2 kwa 2. Kwa kuwa mifumo hii miwili haikuzaliwa pamoja, miraba ya ukingoni hukatwa: mmoja nusu, mwingine kipande chembamba. Ramani yako haijakatwa vibaya kiwandani.

Namba hizi zinatoka wapi

Katika mfumo wa UTM dunia imegawanywa kanda 60 za wima, kama chungwa lililochanjwa kutoka kikonyo hadi kitako, kila kanda ikiwa na upana wa digrii 6. Karibu Kenya na Tanzania yote iko kanda ya 36 na ya 37, na mpaka wa kanda hizo ni longitudo 36. Kisumu, Eldoret, Dodoma na Iringa ziko 36. Arusha, Nairobi, Morogoro na pwani yote ziko 37. Kigoma imeponyoka peke yake kuingia 35.

Katikati ya kila kanda pana mstari wa kati. Wa kanda ya 37 ni longitudo 39, unaopita jirani na Kibaha. Mstari huo ungeitwa sifuri, kila kilicho magharibi yake kingekuwa na namba hasi, kwa hiyo wapimaji waliupa 500,000. Ikweta nayo, kwa sisi tulio kusini yake, imepewa 10,000,000, na namba zinapungua kadiri unavyoshuka. Vipimo vyote ni mita.

Chukua Kilele cha Uhuru. Simu yenye GPS itakupa pale juu mashariki kama 317,000 na kaskazini kama 9,659,900, kanda ya 37. Toa 317,000 kwenye 500,000 upate 183,000: kilele kiko kilomita 183 magharibi ya mstari wa kati. Toa 9,659,900 kwenye milioni kumi upate 340,100: ni kilomita 340 kusini ya ikweta. Namba hizo ndefu ni umbali tu, umevishwa nguo za kiofisi.

Kaskazini ya ikweta hesabu huanza sifuri. Ndiyo maana karibu na Nanyuki, ambako ikweta inakatiza barabara na watalii hupiga picha kwenye kibao, namba ya kaskazini huporomoka kutoka karibu milioni 10 hadi sifuri kwa hatua moja.

Kwenye ramani mstari mmoja wa gridi karibu na kona huandikwa kwa kirefu, kama 317000m E. Mingine imefupishwa: tarakimu kubwa mbili, 18, 19, 20, na labda tarakimu ndogo pembeni yake. Zile kubwa mbili ndizo tunazozitumia. Zinahesabu kilomita, na baada ya kilomita 100 zinaanza upya. Ndani ya karatasi moja hazijirudii, lakini namba yako ileile ipo pia kwenye karatasi nyingine iliyo kilomita 100 kutoka hapo. Ukikuta namba ya gridi imeandikwa kwenye karatasi chakavu bila jina la ramani, huwezi kujua ni ya wapi.

Tarakimu nne: mnazi

Hauwezi kukwea mnazi kabla hujaufikia shinani. Unatembea kwanza, ndipo unapanda. Gridi ni hivyohivyo: unakwenda mashariki kwa kufuata namba zilizo chini ya ramani, halafu unapanda kaskazini kwa kufuata zilizo pembeni. Nimewafundisha vijana wa kila aina na sijaona kanuni inayokaa kichwani kuliko hiyo ya mnazi.

Tuseme unataka mraba wenye shule fulani ndogo, ule mchoro mdogo mweusi kando ya njia ya miguu. Weka kidole kwenye shule. Kisukume kushoto hadi ukutane na mstari wima, ushuke nao hadi ukingoni usome namba yake: 54. Rudi shuleni, sasa sukuma kidole chini hadi mstari mlalo, ufuate hadi pembeni: 32. Mraba wako ni 5432.

Umeona tulikwenda kushoto na chini? Mraba huitwa kwa kona yake ya chini kushoto, yaani ya kusini-magharibi, kwa sababu namba zinaongezeka kuelekea kulia na juu. Kila kilicho ndani ya mraba huo kiko mashariki ya 54 lakini hakijafika 55, kiko kaskazini ya 32 lakini hakijafika 33. Anayeanza hupenda kusoma mstari ulio karibu zaidi na kitu anachokitafuta. Shule ikiwa imekaribia mstari wa 55 ataandika 55, na tayari amehamia mraba wa jirani.

Tarakimu nne zinatosha kusema "tukutane kwenye lile ziwa dogo", kama mraba una ziwa moja. Kumtafuta mtu aliyeumia hazitoshi, kwa kuwa mraba mmoja ni kilomita nzima ya mraba.

Tarakimu sita: kadi ya harusi

Sasa gawanya mraba vipande kumi kila upande. Kwa ramani ya 1:50,000 kila kipande ni milimita 2 na ardhini ni mita 100. Wenye uzoefu hukadiria kwa macho. Mimi nakushauri utengeneze kipimo, na malighafi yake ipo nyumbani kwako: kadi ya mchango wa harusi. Karatasi yake ni ngumu na kona zake ni mraba kamili.

Ishike kadi ukiangalia kona yake ya juu kulia. Kuanzia kwenye kona hiyo, weka alama kila milimita 2 kuelekea kushoto kwenye ukingo wa juu, alama kumi. Fanya hivyohivyo kuelekea chini kwenye ukingo wa kulia. Kona ni 0, alama ya mwisho ni 10. Tumia kalamu yenye ncha nyembamba, na rula ambayo haijalika mwanzoni.

Weka kona ya kadi juu kabisa ya shule, kingo za kadi zikienda sambamba na gridi. Tazama ukingo wa juu: mstari wima wa 54 unaukata kwenye alama ya ngapi? Tuseme ya 3. Tazama ukingo wa kulia: mstari mlalo wa 32 unaukata kwenye alama ya 7. Sasa andika: 54 na 3, kisha 32 na 7. Namba ya shule ni 543327.

Usikosee kuandika 543237, kwa kukusanya mistari yote kwanza na vipande baadaye. Kundi la kwanza lote ni la mashariki, kundi la pili lote la kaskazini, tatu kwa tatu. Kwenye daftari mimi huacha nafasi katikati: 543 327.

Na ikiwa mstari umekata kati ya 7 na 8? Andika 7, hata ukiona imekaribia 8. Tarakimu sita nazo zinataja mraba, safari hii wa mita 100, na mraba huu mdogo pia huitwa kwa kona yake ya kusini-magharibi. Wapo wanaokadiria kwenda juu, nao si wajinga, lakini kundi moja likiwa na kanuni mbili mtatafutana.

Mtu akikupa tarakimu nane kutoka kwenye ramani ya karatasi ya kipimio hiki, mshukuru halafu uzitilie shaka. Tarakimu nane zinamaanisha mita 10, na mita 10 hapa ni sehemu ya tano ya milimita. Alama ya penseli yenyewe ni nene kuliko hapo. Tarakimu nane ni za GPS.

Kurudi nyuma: kutoka namba hadi mahali

Ukipewa 549 328, igawe katikati kwanza. Tafuta mstari wima 54 na mstari mlalo 32. Mraba wako uko kulia na juu ya makutano yao. Telezesha kadi ndani ya mraba hadi mstari wima ukate alama ya 9 na mlalo ukate alama ya 8. Pale kona ya kadi ilipo ndipo.

Usiishie hapo. Jiulize kama mahali hapo panaleta maana. Ukiambiwa mtu yuko kwenye daraja na namba imekutua juu ya kilele, kuna kitu kimekosewa. Hesabu kontua pia: mtu akisema amepanda kwa saa tatu kutoka kijijini na namba yake iko chini ya kijiji, mpigie tena.

Simu na karatasi hazisemi lugha moja

Hapa ndipo hata wazoefu wanapoanguka. Datamu ni umbo la dunia na mahali pa kuanzia vipimo ambavyo mchora ramani aliamua kuvitumia. Ramani za zamani za Kenya na Tanzania hutumia datamu iitwayo Arc 1960. Simu yako, isipoelekezwa vingine, hutumia WGS84. Mahali ni palepale, lakini namba ni mbili tofauti.

Tofauti yenyewe huku kwetu ni kama mita 300 kwa upande wa kaskazini na kusini, na kama mita 90 mashariki na magharibi. Ukichukua namba ya simu na kuichora moja kwa moja kwenye karatasi ya Arc 1960, alama yako itaangukia kusini ya mahali ulipo kwa mita 300 hivi, na mashariki kidogo. Rudi Uhuru: simu inasema kilomita ya kaskazini ni 9659 na ushee, lakini kwenye karatasi kilele kimevuka mstari wa 9660. Tayari ni mraba mwingine, bila mtu yeyote kukosea kusoma.

Dawa ni rahisi. Programu nyingi za ramani zina mahali pa kuchagua datamu. Chagua Arc 1960 na UTM kabla ya safari, kisha ujaribu mahali unapopajua, kama makutano ya barabara yaliyo kwenye ramani. Kama programu yako haina chaguo hilo, ongeza 300 kwenye namba ya kaskazini ya simu na utoe 90 kwenye ya mashariki, ndipo uchore. Mpima ardhi hatakubali njia hiyo, lakini mtafuta mtu msituni inamtosha. Fanya hivyo tu kama pembezoni mwa karatasi pameandikwa Arc 1960. Ramani mpya huenda tayari ziko kwenye WGS84.

Mtego wa pili ni herufi. Ukiandika kanda "37S" ukimaanisha kusini, baadhi ya programu huisoma S kama bendi ya latitudo, yaani mkanda mlalo wa dunia wenye herufi yake, na bendi ya S ya kanda 37 iko huko Syria na Uturuki. Katika mfumo huo wa bendi, kuanzia ikweta hadi digrii 8 kusini ni M, na kuanzia 8 hadi 16 ni L. Kwa hiyo Morogoro ni 37M na Mtwara ni 37L. Ukiwa na wasiwasi andika kwa maneno: kanda ya 37, kusini ya ikweta.

Kuitoa kwa sauti

Baada ya siku ile ya Uluguru tulikubaliana utaratibu, na tumeushikilia.

Kama ujumbe mfupi unaweza kupita, andika, usipige. SMS mara nyingi hupenya pale ambapo mazungumzo hayashiki, na iliyoandikwa haisikiki vibaya. Ikibidi kupiga, unaanza na jina la karatasi, kisha kanda na datamu, ndipo namba. Namba inasomwa tarakimu moja moja, ukipumua kati ya kundi la mashariki na la kaskazini. "Mia tano arobaini na tisa" ni sumu. Kwenye upepo, anayesikiliza atabaki na "arobaini".

Sita yetu inaitwa "sita, nusu dazeni". Tisa inaitwa "tisa, kumi kasoro moja". Vijana wapya hucheka siku ya kwanza.

Baada ya namba ongeza maneno yanayoweza kuishuhudia: uko kando ya nini, upande gani wa mto, mwinuko upi kwa kontua iliyo karibu. Namba ikiharibika njiani, maneno hayo ndiyo yatakayoonyesha. Laiti ningesema siku ile kwamba tuko juu ya maporomoko, kijana angeona kwamba 546 haina maporomoko wala mto.

Mwisho, anayepokea anarudia kila kitu na wewe unafuata kwa kidole kwenye ramani, si kwa kumbukumbu. Asiporudia, hujatoa namba bado.

Tulijaribu mwezi uliopita, sehemu ileile, safari hii hakuna aliyeumia. Nilisoma, nikanyamaza. Akarudia taratibu kama anayesomesha chekechea:

"Karatasi ni ileile iliyo mezani. Kanda thelathini na saba, Arc 1960. Mashariki: tano, nne, tisa, kumi kasoro moja. Kaskazini: tatu, mbili, nane. Juu ya maporomoko, kushoto ukipanda."

"Ndiyo."

"Basi kata simu, kaka, utunze chaji."